Nzau Maundu na Mto Uliokauka Ndani ya Hesabu

Hakuwa na gari. Hakuwa na kompyuta. Hakuwa na baba, kwa kuwa mzee Maundu alifariki kabla mtoto hajajua kutembea. Hakuwa na sauti ya kujaza ukumbi. Wanafunzi waliokaa nyuma walimwomba arudie kila sentensi. Hakuwa na mkono wa kupika, na uji wake ulijulikana mtaa mzima. Na hakuwa na cheo cha profesa, ingawa mwaka wa 2000 cheo hicho kilimfikia mlangoni akakirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Daktari Nzau Maundu wa Mitaboni, mtafiti wa hisabati, aliyefariki wiki iliyopita hapa Machakos mjini akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Nasema Daktari. Kaka yake, mzee Mutua, alitupigia simu hapa studio akaomba tuseme Profesa.

"Kwani nani atawashtaki?" aliuliza.

Mjane wa marehemu, Peris, ambaye kwa heshima sote twamwita Mama Peris, akaichukua simu hiyo hiyo. "Semeni Daktari," alisema. "Hicho ndicho alichokuwa nacho."

Basi, Daktari Nzau Maundu.

Alizaliwa mwaka wa 1948 katika boma lililo juu kidogo ya mto wa mchanga. Mama yake alilima mahindi na mbaazi. Nzau alisoma hapa nyumbani, kisha Nairobi, kisha ng'ambo, na huko alipata udaktari wake katika aljebra, ile hisabati ya herufi na kanuni zake. Aliporudi, mama yake alimuuliza, "Mwanangu, hiyo kitu umesoma miaka yote hiyo, inapikwa namna gani?" Nzau alicheka. Lakini swali lilimkaa moyoni. Alifundisha aljebra chuo kikuu Nairobi, na kila Ijumaa alirudi Mitaboni. Kila Ijumaa aliukuta mto. Pole pole akahama kutoka aljebra akaingia katika milinganyo ya mabadiliko.

Wasikilizaji wapendwa, tusiogope neno hilo. Mlinganyo wa mabadiliko haukuambii maji ni mengi kiasi gani. Hukuambia yanavyobadilika, hapa na pale, leo na kesho. Mengine ni juu yako kuyatafuta.

Na mito yetu mnaijua. Mvua ikinyesha, maji hupita kwa kelele siku chache, halafu huonekana yamekwisha. Hayajaisha. Yamejificha mchangani, na kina mama huchimba kidogo wakachota. Ukijenga ukuta wa mawe kukata mto, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii.

Swali la Nzau lilikuwa hili. Tukijua maji yaliyoingia mchangani baada ya mvua, je, tunaweza kujua yatakayobaki kabla ya mvua nyingine? Na je, jibu ni moja tu? Kwa maana kama mlinganyo mmoja unatoa majibu mawili, anayejenga ukuta hana cha kushika.

Ikaja mvua ya El Nino, mwishoni mwa mwaka wa 1997 na kuingia 1998. Mnaikumbuka. Barabara zilikatika, Nzau akakwama nyumbani. Aliweka meza barazani, akitazama mto. Mto ulijaa, na hata mvua ilipopungua uliendelea kutiririka, mwezi baada ya mwezi, jambo ambalo wazee wa Mitaboni walisema hawajaliona. Akitazama maji hayo, Nzau aliandika uthibitisho wake. Jibu ni moja tu. Aliumaliza asubuhi moja, barabara zikiwa zimeshafunguka, akafunga bahasha mchana, na kabla ya jioni bahasha ilikuwa posta, safarini kwenda kwa jarida moja la hisabati la ng'ambo.

Wataalamu wa jarida waliusoma wakaupitisha. Ulichapishwa mwaka wa 1999. Barua za pongezi zilikuja. Chuo kikampendekeza kuwa profesa, na uthibitisho huo ndio uliokuwa nguzo ya maombi yake. Hapa nyumbani, kina mama wa mwethya, yaani kikundi cha kazi za pamoja, walichukua hesabu zake wakachagua kimo cha ukuta mpya. Mzee Mutua alianza kumwita ndugu yake Profesa mbele za watu sokoni, na Nzau alipokataa, Mutua alisema, "Nafanyisha watu mazoezi."

Halafu ukaja mwaka wa 2000. Mvua zilikosa. Umeme ulikatwa kwa zamu nchi nzima. Mto wa Mitaboni ukawa barabara nyeupe.

Siku moja asubuhi Nzau alikuwa anavuka kwenda kunywa chai kwa kaka yake. Mutua alikuwa ng'ambo ya pili, anamtazama. Anasema Nzau alifika katikati ya mto akasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akachimba mchanga kwa kiatu. Mkavu. Akapiga magoti, akachimba kwa mkono hadi kwenye kiwiko. Mkavu. Akainuka akageuka, akarudi nyumbani karibu anakimbia.

"Nzau!" Mutua alipiga kelele. "Chai inapoa!"

Nzau hakusikia. Alikuwa amekumbuka mstari mmoja katikati ya uthibitisho wake. Katika mstari huo alikuwa amegawanya pande zote mbili kwa kina cha maji yaliyo mchangani. Mwaka wa El Nino kina hicho hakikuwa sifuri hata siku moja. Sasa alikuwa amekigusa kwa mkono wake, na kilikuwa sifuri. Na katika hisabati hugawanyi kwa sifuri. Ukigawanya kwa sifuri unaweza kuthibitisha lolote, hata kwamba moja ni mbili. Kila mwaka, somo la kwanza kwa wanafunzi wapya, Nzau aliandika ubaoni: usigawanye kabla hujauliza kama ni sifuri. Naye, Mkamba, mtoto wa mto wa mchanga, alikuwa ameandika hesabu ya mto usiokauka.

Alipitia kurasa zote tena. Mstari ule ulikuwa umeshika kila kitu kilichofuata. Kamati ya chuo ilikuwa inakutana mwezi huo huo.

Mutua alikuja mwenyewe kujua ile chai ilimkosea nini. Nzau akamweleza.

"Wale wataalamu wa jarida waliona?" Mutua aliuliza.

"Hawakuona."

"Na hao wa chuo?"

"Hawakuona."

"Sasa nani huko Ulaya anajua mto wetu umekauka?"

"Mimi nimeuvuka, kaka."

"Ngoja basi wakupe kwanza. Ukishakuwa profesa, uwaambie."

"Nikishakuwa profesa nitakuwa na sababu kubwa zaidi ya kunyamaza."

Mutua alivaa kofia yake. "Mtu anasoma mpaka anajisomea mashtaka," alisema, akatoka.

Mama Peris alikuwa jikoni, amesikia yote. Mama Peris si mtu wa hisabati. Alifundisha ushonaji maisha yake yote. Alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la binti yao, "Baba Munyiva, ile bahasha uliifunga siku ile ile. Hukunipa hata nafasi ya kuuliza."

"Ungeuliza nini, Mama Munyiva?"

"Ningeuliza umegawanya kwa kitu gani. Si ndiyo unawauliza watoto wa watu kila mwaka?"

Nzau alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akaketi akaandika barua mbili. Moja kwa jarida, akiomba uthibitisho wake uondolewe. Moja kwa kamati, akieleza sababu. Kamati iliweka faili lake kando. Hakuitwa profesa mwaka huo, na hakuitwa tena.

Barua zilikuwa rahisi kuliko mwethya. Alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wao, akasimama mbele ya kina mama waliokuwa wamekaa juu ya mawe waliyoyabeba kwa migongo yao, akawaambia wasijenge bado. Mwenyekiti alikuwa Ndinda, mwanamke wa mdomo mwepesi.

"Daktari, tumeshabeba mawe," Ndinda alisema.

"Naona."

"Kwa hivyo hesabu yako imekauka pamoja na mto?"

Kina mama waliangua kicheko. Nzau alisema ndiyo, imekauka. Akaeleza kwamba kimo alichowapa kilitegemea jibu moja, na sasa hajui kama ni moja. Ndinda alitazama wenzake. "Basi tutajenga ukuta mfupi, mawe yanayobaki yakae," alisema. "Ukipata jibu, utuite. Lakini safari hiyo utabeba na wewe."

Ukuta mfupi ulijengwa. Upo hadi leo. Mawe yaliyobaki nayo yapo hadi leo, yamerundikwa kando ya mto, na watoto huyakalia wakichunga mbuzi. Nzau alipita hapo kila Ijumaa. Hakuna Ijumaa aliyopita bila kuyatazama.

Wasikilizaji wapendwa, nataka mjue alivyofanya kazi tangu hapo. Hakufunga tena bahasha siku aliyoandika barua. Kila barua ililala wazi juu ya meza, chini ya mkebe wa sukari, hadi Mama Peris aulize swali lake. Ikawa desturi ya nyumba. "Hata barua ya kuagiza mbegu za maharagwe," Mama Peris alituambia, "ningeulizia, umegawanya kwa kitu gani? Naye angejibu, leo sijagawanya, mama, funga."

Kuutengeneza uthibitisho hakukuwa mzaha. Shida ilikuwa mahali ambapo mchanga wenye maji unakutana na mchanga mkavu. Mpaka huo hautulii. Unasogea kila siku, na hujui uko wapi mpaka utatue mlinganyo, na huwezi kutatua mlinganyo mpaka ujue uko wapi. Alijaribu njia nyingi. Nyingi zilikufa. Alistaafu mapema akarudi Mitaboni moja kwa moja, na majirani wakasema hasira ya cheo imempeleka shambani.

Mwaka jana, 2005, alikuwa anakoroga ule uji wake wenye sifa. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Nilikuwa nagawanya," alimwambia mkewe. "Kwa nini nigawanye? Nizidishe."

Uji uliungua. Lakini fikirini. Ukigawanya kwa sifuri, kila kitu kinaharibika. Ukizidisha kwa sifuri, unapata sifuri, na hakuna aliyeumia. Badala ya kuukimbia mchanga mkavu, aliuacha uingie ndani ya hesabu, ukachangia sifuri yake kwa amani, na hesabu ikasonga mbele. Kusema ni rahisi hivyo. Kuandika kulimchukua muda mrefu, hadi mwezi uliopita.

Mwezi uliopita Mama Peris alikuwa Kivaa, akimuuguza dada yake. Nzau alinakili kurasa za mwisho, akaandika barua kwa lile lile jarida, akaweka yote ndani ya bahasha. Hakuifunga. Aliiweka chini ya mkebe wa sukari amngoje mkewe. Moyo ulimshika kabla mkewe hajarudi. Majirani walimfikisha hospitali, na hospitali ilifanya iliyoweza.

Mama Peris alirudi akakuta nyumba imejaa watu, na bahasha iko wazi.

"Shemeji, ifungwe iende leo," mzee Mutua alimwambia. "Dunia ijue ndugu yangu alikuwa nani."

"Haijaulizwa," Mama Peris alisema.

Na hakuna mtu aliyeigusa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki nasema pole. Pole, Mama Peris. Pole, Munyiva, binti yake wa pekee. Pole, mzee Mutua, uliyempenda ndugu yako kwa sauti kubwa. Atazikwa Jumamosi nyumbani kwake, na kina mama wa mwethya wameomba wao ndio wachimbe. Nasi tunaomba jambo moja kwa kila anayesikiliza. Wiki hii, chukua kazi yako uliyoisifu kuliko zote. Isome tena kama imeandikwa na jirani usiyempenda.

Imebaki bahasha.

Jana asubuhi Daktari Syombua, aliyekuwa mwanafunzi wa Nzau na sasa ni mhadhiri, alikuja kutoka kwake Syokimau. Mama Peris alimpa kiti barazani, palepale meza ilipokuwa mwaka wa El Nino. Watu wa matanga waliambiwa wanyamaze. Syombua alisoma. Chai yake ilipoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Mzee Mutua alisimama nyuma yake akitazama herufi asizozijua.

Syombua alipogeuza ukurasa wa mwisho, Mama Peris aliuliza.

"Amegawanya kwa kitu gani?"

Syombua alirudi mwanzo, akapitia tena kwa kidole, mstari kwa mstari, hadi mwisho.

"Mahali pamoja tu, Mama," alisema. "Amegawanya kwa mbili."

"Na mbili si sifuri."

"Mbili si sifuri, Mama."

Nje mtu mmoja alisikika akisema Ndinda aitwe kuhusu yale mawe, jibu limepatikana. Mama Peris alirudisha kurasa ndani, akazipanga vizuri, akalamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kiganja. Halafu akajifunga leso na kwenda posta ya Machakos mwenyewe, akasubiri mpaka karani alipoipiga muhuri na kuitia kwenye gunia la barua za ng'ambo.