Neno Moja la Mzee Gasto

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Leo tunamkumbuka Mzee Gasto Mkumbo wa Kiomboi, katibu wa Umoja wa Mbio za Nyika kwa miaka kumi na tisa. Tumemzika Jumamosi. Binti yake Dorika kaniambia, "Usimpambe baba. Mwenyewe alikataza." Haya, simpambi.

Mzee Gasto alikuwa na wivu. Narudia, wivu. Na ulikuwa na jina: Winfrida Kitundu.

Winfrida alikuwa mkimbiaji, kisha kocha. Akiingia mkutanoni, wanachama wote wanasimama: "Shikamoo kocha!" Gasto, aliyewapangia viti tangu asubuhi, anapewa shikamoo ya kupita tu. Loo, aliona donge! Nyumbani alimuuliza mkewe Eliana, "Kwani mimi sionekani?"

Ukaja mwaka wa uchaguzi. Wanachama wakanong'ona kwamba ukatibu apewe Winfrida. Gasto akasikia. Katiba ya umoja ilikuwa inachapwa upya, na mchapaji ni nani? Gasto. Palipoandikwa "viongozi watachaguliwa na wanachama," akachapa "wajumbe." Neno moja tu, wasikilizaji. Wanachama ni watu mia mbili. Wajumbe ni watano wa kamati.

Siku ya kura wanachama wakanyoosha mikono. Wakaambiwa washushe, katiba hairuhusu.

"Shikamoo katibu," alisema Winfrida. "Mbona neno hili silikumbuki?"

"Marahaba. Soma katiba, binti."

Kwa miaka sita kamati ikajichagua yenyewe. Aliyehoji aliambiwa si mjumbe. Wengine wakachoka, wakaacha hata kukimbia.

Kisha Gasto akaugua. Aliyempelekea uji kila Jumatano ni Winfrida. Majirani wakamsifu: ana moyo huyo mama! Na hapo hapo, jamani, Gasto akamwambia mkewe, "Unaona? Hata ugonjwa ni wangu, sifa ni zake."

Eliana akachoka naye. "Baba Dorika, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Neno hilo lilimwingia. Kamati ilipokutana, alikwenda na mkongojo na katiba ya zamani kwapani, akaiweka mezani. Wajumbe wawili walitaka neno la zamani lirudi, wawili wakakataa. Wa tano ni yeye. Akanyoosha mkono. "Nililibadilisha mimi. Kwa kijicho."

Mwezi huohuo wanachama wakapiga kura, wakamchagua Winfrida katibu. Gasto alipiga makofi, uso kaukunja.

"Bado tu?" Eliana akamnong'oneza.

"Bado. Linaniuma hasa. Lakini mikono wameinyoosha wenyewe."

Jumamosi makaburini, katibu mpya alisema, "Wanachama, tusimame." Wakasimama wote, vijana kwa wazee, wakaligeukia kaburi. "Shikamoo katibu!" Dorika aliniambia hapo ndipo mama yake alipolia.

Mama Eliana, Dorika, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe unayenisikiliza, kama una cheo katika umoja wowote, fungua katiba yenu leo. Tazama kama neno "wanachama" bado lipo.