Kumuaga Mzee Kwanini, Mpangaji wa Kurasa Zetu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha vitabu, Bibi Mhariri Mkuu, ndugu mafundi wa mitambo ambao leo mmenawa wino mpaka viwikoni, mke wa mzee wetu pamoja na wanao, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo?

Mimi ni mchoraji. Kazi yangu ni kunyamaza na kuchora, kwa hiyo mkiona maneno yamenikwama, nipigieni makofi nipate pumzi. Nimeombwa nimuage mpangaji wetu wa kurasa, anayestaafu leo, huyu tunayemwita Mzee Kwanini. Jina hilo hakupewa na mama yake, amelitafuta mwenyewe. Mwambie mvua inanyesha, atakuuliza kwa nini inanyesha upande ule tu.

Ndugu zangu, mnakikumbuka kitabu cha wakunga? Nilikuwa mgeni hapa, niko kwenye majaribio, na michoro yote ya kitabu kile ilikuwa yangu. Siku ya kukagua kurasa tukakusanyika mbele ya kompyuta, na loo! Michoro ina ukungu kama dirisha la jikoni. Mkurugenzi akasema, "Huyu binti kazi haijui. Toeni michoro yake, tafuteni mchoraji mwingine." Nani angebisha, na kila mtu anaona kwa macho yake? Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu kwamba nimepata kazi.

Mzee akavuta kiti. "Ajabu hii," akasema. "Huu ni mchoro wa mistari. Kompyuta huuchora upya kila ukiukuza, hata uwe mkubwa kama mlango. Sasa umefifia kwa nini?"

Kwanza alidhani ni kioo cha kompyuta tu, maana programu ya kupanga kurasa huonyesha kivuli chepesi cha mchoro ili kompyuta isilemewe. Akabadilisha onyesho liwe la ubora wa juu. Ukungu uko palepale. Akachapa kurasa kwenye karatasi. Ukungu! Mwingine angekata tamaa, yeye akasugua mikono kama mtu aliyetengewa chakula. Akafunua karatasi mojamoja, mpaka akafika kwenye mchoro mmoja safi kabisa, kila mstari unaonekana: kichwa cha mtoto kikitoka kwa mama yake.

"Na huu mbona umepona?"

Hapa, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba radhi mapema. Utaratibu wetu wakati ule ulikuwa kwamba hakuna mchoro unaoingia kitabuni kabla wewe hujauona kwenye kundi la meseji la ofisi na kuandika "sawa". Wapangaji nao wakawa wanauchukua hapohapo juu ya hiyo "sawa" yako na kuubandika kwenye ukurasa. Kumbe simu hubana kila kitu ili kipite upesi! Mistari yangu iliingia mizima, ikatoka picha ya vinukta. Isipokuwa ule mmoja. Uliposikia unahusu nini, uliandika, "Huo malizaneni wenyewe kina mama." Basi mchoro huo ukatoka kwenye kompyuta yangu moja kwa moja hadi ukurasani, na aibu yako, mheshimiwa, ndiyo iliyouokoa. Cheka tu, wenzako wote wanacheka.

Mzee akaingiza faili zangu za asili, mchoro mmoja baada ya mwingine, ukungu ukaisha, nami nikabaki kazini. Nikamfuata koridoni. "Baba, umenitetea, Mungu akubariki."

Akanishangaa. "Sikukutetea, binti. Nilikuwa sijui, nikataka kujua. Michoro ingekuwa mibovu, ningesema ni mibovu."

Sitaficha, iliniuma. Siku ile nilitaka mtu wa upande wangu. Je, nani kati yetu asingetaka? Lakini tangu hapo, wengine wakinisifu nasema asante, naenda zangu. Mzee akiutazama mchoro wangu na kusema "huu mzuri", usiku nalala nikijua ni mzuri. Baba, pumzika, umefanya kazi. Tutakukumbuka, na mimi nitakukumbuka kuliko ninavyoweza kusema mbele ya watu. Nanyi nyote mlionipa masikio yenu, asanteni sana. Jumatatu namaliza mchoro mpya, na sijui nitamwonyesha nani.