Mstari Ulioachwa Uugue

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye mtaani mlimwita Daktari wa Nyanya, naye akiwajibu kwamba binadamu wamemshinda kwa kulalamika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa mwalimu na mkulima wa mboga, akaanza shule mwaka 1971, akahitimu chuo kikuu mwaka 1988, na mwaka uliofuata akaajiriwa kituo cha utafiti wa mazao, akitafuta kinga ya mnyauko, ule ugonjwa wa bakteria uliommalizia mama shamba zima tukiwa wadogo. Kazi yake ilikuwa kuchukua jeni ya bakteria huyo huyo, inayotengeneza protini ambayo mmea ukiihisi hushtuka na kujikinga, na kuipandikiza kwenye nyanya, ili adui akija akute wenyeji wako macho.

Aliolewa tarehe 6 Juni 1992 na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji ameniruhusu niseme hili, kwamba Februari 2022 alimpelekea dada chakula kazini, akamsubiri ndani ya banda la miche, akaona mstari mzima umenyauka, akahofia mingine isiambukizwe, akaung'oa wote na kuuchoma, kumbe ndiyo miche isiyo na jeni, iliyoachwa iugue ili ilinganishwe na yenye jeni, na miezi saba ya kazi ikapotea bure. Dada alimnunia siku nne, ya tano akamkabidhi kopo la kumwagilia, akamwambia mstari utakaopandwa upya sasa ni wake, aulee na asiuonee huruma.

Juni ya mwaka huo figo za dada zikaanza kushindwa, na shemeji akawa haishi kuihesabu ile miezi saba aliyompotezea. Kila asubuhi alipita bandani kabla ya kwenda hospitali, na tarehe 9 Novemba akamletea habari kwamba miche arobaini isiyo na jeni imekufa yote, na arobaini yenye jeni imesimama yote. Dada alimkazia macho mpaka akakiri kwamba mitatu yenye jeni imekufa. Dada akacheka sana, akamshika mkono, akasema miezi saba alishaisamehe siku ile ya kopo, ila hiyo mitatu iandikwe. Alifariki tarehe 12 Novemba 2022, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia na kutufagilia ua, na wafanyakazi wenzake, walioniletea jana daftari lake, ambalo ukurasa wa mwisho una mwandiko wa shemeji, thelathini na saba imesimama, mitatu imekufa. Imeandikwa, dada, sasa pumzika kwa amani.