Jua la Chrispin

Kijiwe cha Iguguno kiko mbele ya kibanda cha video cha Simeoni, na mabenchi yake yamelainishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Kahawa ya Rahabu ikichemka, wenyewe wameshafika. Yupo Moses, aitwaye Ripota kwa kuwa habari zote humfikia yeye kwanza, hata zile ambazo hazijatokea. Yupo Emilian, aitwaye Meneja, ingawa alikuwa karani tu wa ghala la serikali mpaka ghala likauzwa na yeye akapunguzwa kazini. Mwisho wa benchi, karibu na mlango, hukaa mzee Nathan. Tangu mwanawe Chrispin afukiwe na shimo la dhahabu, nafasi ile wanamwachia yeye.

Asubuhi hiyo ubishi ulikuwa juu ya kompyuta ya Simeoni, mtumba uliokuja na mchezo wa kurusha ndege. Aliyeuweza mchezo ule ni Chrispin. Alitaka kuwa rubani, na machimboni alikwenda kutafuta ada. Sasa watoto wakiwasha wanakuta giza. Nje saa tatu asubuhi, jua linaunguza utosi. Ndani ya ndege ni usiku mnene.

— Si mtumba huo, alisema Ripota. Wazungu wametuuzia mashine na usiku wao humo humo.

— Hujui kitu wewe, alisema Meneja. Ghala wameuza, viwanda wameuza. Jua nalo limepata mwekezaji. Hiyo mnaoneshwa mfano tu.

— Basi atalipandisha bei.

— Ameshapandisha. Mvua ya mwaka jana unadhani ilikwenda wapi?

Wakacheka. Nathan hakucheka. Kila jioni akitoka shamba la alizeti hupita hapa, Simeoni humwashia ile mashine, naye huitazama ndege ya mwanawe ikiwa angani kwenye mwanga wa mchana. Jioni mle ndani hamna giza hata kidogo. Hakujua kwa nini na hakutaka kujua. Alichojua ni kwamba mkono wa mwisho kuitengeneza mashine ile ulikuwa wa mtoto wake, na leo Simeoni amemwita fundi kutoka Singida mjini. Alikuwa amemwomba Simeoni aiache. Simeoni alimjibu kwa upole kwamba watoto wanaolipa kucheza wanalikimbia giza, na yeye anakula kwa kibanda hicho.

Fundi alikuwa binti, Leah. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akaingia ndani, na kahawa ya Nathan haijapoa akatoka anajifuta mikono.

— Haikuwa na ugonjwa, alisema. Saa yake ilifuata hesabu yetu. Kwenye mashine, saa tatu ya asubuhi huandikwa tisa. Mtu aliandika tatu, mashine ikaelewa ni usiku. Nimeshaiweka sawa.

Kijiwe kikashusha pumzi. Ripota akasema kumbe ni marehemu aliyekosea, Mungu amrehemu, vijana na haraka zao. Leah akatikisa kichwa. Mtu anayeweza kutua na ndege kama alivyoona kwenye kumbukumbu za mchezo, alisema, hawezi kushindwa na saa. Kwa hesabu ile, jua likizama huku, kwenye mashine ndiyo inakuwa adhuhuri.

— Kwani jioni alikuwa anakuja nani kutazama?

Ripota aliinamia kikombe chake. Meneja alitazama barabarani, ambako hapakuwa na gari. Rahabu alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nathan aliikumbuka jioni yake ya kwanza hapo. Alitoka shambani amechelewa, akakuta kioo cheusi, akasema haoni ndege wala mbingu. Chrispin alicheka, akamwambia, "Baba, njoo kesho saa hizi hizi, utakuta mchana." Kesho yake akaukuta. Siku zote alidhani ilikuwa bahati.

— Unaweza kuirudisha kama ilivyokuwa? aliuliza Nathan.

— Naweza, baba. Ni kazi ndogo. Hata sasa hivi.

Simeoni, pale mlangoni, alisema irudishwe, watoto watazoea. Leah akageuka kuingia ndani. Nathan akamshika mkono.

— Acha, mwanangu. Ukiiweka wewe, itakuwa umeiweka wewe, si yeye.

Rahabu alimimina ya mwisho, birika likawa tupu, na hakuna aliyeuliza kama itapikwa nyingine. Jioni ile Simeoni aliwasha mashine kwa mazoea. Jua lilizama nyuma ya barabara, na kwenye kioo nako likazama. Nathan alipita na jembe lake begani, akawasalimia, akaenda moja kwa moja nyumbani.