Bibi wa Vitambaa

Basi lilikuwa linakaribia shule, na mwalimu wa hesabu bado anamsimulia mama aliyeketi naye. "Shule zilipofungwa ghafla, dada, nikafundisha kwa video ya simu. Siku ya somo la nusu na robo, bibi wa mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, akakata kitambaa vipande vinne mbele ya kamera. Darasa zima likaelewa. Kesho yake wananiuliza, bibi yupo?"

"Ulimshukuru?"

"Nilimzimia sauti."

Yule mama akacheka. "Wivu huo, mwalimu."

"Ni nidhamu ya darasa." Katika miaka yake kumi na tisa ya chaki, hakuna mtoto aliyewahi kuuliza kama yeye yupo.

"Na leo ndio mnarudi. Kifurushi hicho je?"

Mwalimu akakibana kwapani, lakini vitambaa vilichungulia, vimekatwa robo sawasawa. Basi likasimama.

"Vya kufutia ubao," akasema, akashuka.