Mwalimu Vedran Kurtalić, Aliyefukuzwa kwa Neno la Mkate

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja kwa kuogopa kusemwa msipokuja, familia imemtuma mdogo wa marehemu, Jasna, awasomee maisha ya mwalimu Vedran Kurtalić, na imemwagiza asipunguze neno.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika kijiji cha Gornji Lug, bonde la Vrbas, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Hasib, seremala Mwislamu, na mama Ljubica, Mkatoliki, katika nyumba ambayo kijiko kilikuwa na majina mawili, kašika kwa baba na žlica kwa mama, na hakuna mtoto aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1958 hadi 1966, sekondari mjini Travnik hadi 1970, kisha akahitimu lugha za Kislavi huko Sarajevo mwaka 1975, baada ya mwaka mmoja wa masomo Brno, mji wa Wacheki, alikotoka akicheka kwamba Mcheki akisema mkate ni „čerstvý“ amekupa uliotoka tanuri sasa hivi, na Mpolandi kwa neno lilelile amekupa wa juzi. Hapo ndipo alipoanza kuandika kadi zake, neno moja la nyumbani kwa kila kadi, na asili yake, na maneno ndugu zake toka Urusi hadi Slovenia.

Aliajiriwa katika shule ya mji wetu tarehe 1 Septemba 1976, akamwoa muuguzi Senija tarehe 12 Mei 1979, wakajaliwa Tena mwaka 1981 na Zlatan mwaka 1984.

Vita vya miaka ya tisini vilipokwisha shule ikakatwa vipande viwili, upande huu wa Waislamu mkate ukaitwa hljeb tu, upande ule wa Wakatoliki kruh tu, na kwa kuwa walimu wa lugha walikuwa haba, Vedran akafundisha pande zote. Tarehe 11 Machi 2004 msichana wa darasa la nne wa upande ule aliandika hljeb katika imla, Vedran akampa vema, na mkuu wa upande ule akamwita ofisini, akamsukumia daftari.

„Mwalimu, tia wino mwekundu hapo, yaishe.“

„Mtoto akiomba mkate hivi, mama yake anamwelewa,“ Vedran alimjibu. „Kosa liko wapi?“

Akamweleza kwamba hljeb tulilichukua kwa Wajerumani wa kale kabla hatujajua kuandika, na kruh ni kipande kilichomegwa tu, kwa hiyo wanaopigana wanagombania nguo ya kuazima, na kalamu nyekundu akaiacha mezani. Tarehe 30 Aprili alifukuzwa na pande zote mbili, kwa barua mbili za siku moja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu vita, na hakuna mwalimu hata mmoja, kati yenu mliokaa hapa mkijifuta macho, aliyefungua mdomo.

Miaka kumi na miwili alikatisha tiketi stendi ya mabasi, akiwauliza abiria wa Sofia na Bratislava wanakiitaje kitunguu, hata kadi zikafika elfu kumi na moja na mia nne. Saratani ya kongosho iligunduliwa Novemba 2022, akafariki Jumanne, tarehe 7 Machi 2023, asubuhi, Senija akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bi Fadila aliyeleta supu kila siku bila kuombwa, na madereva wa stendi waliombeba mgonjwa bure. Na shule, iliyoleta mashada mawili kwa kuwa pande zake zilishindwa kukubaliana juu ya maandishi ya utepe mmoja, na jana ikamwomba Jasna aitaje katika shukrani, ijue kwamba shukrani hatuna, mashada yako nje ya lango, mtayachukua mkiondoka.

Vedran, wewe pumzika kwa amani. Sisi, Mungu atusamehe, bado tuna hasira.