Marehemu Injinia Safari

Huko Kansanga, Kampala, mbele ya kibanda cha Zéphyrin fundi nguo, kuna benchi ambalo watu hunywa kahawa na kubishana hadi jua liwafukuze. Asubuhi hiyo cherehani ilikuwa imefungwa kamba, ikimsubiri mnunuzi. Yaya Bibiane, dada yake mkubwa, aliiona kabla hajasalimia mtu. Tangu watoke Kongo, yeye ndiye aliyejua katika ukoo nani kamzaa nani na nani kazikwa wapi. Alipokea kikombe, akakaa.

— Yaya, nimepata barua pepe, alisema Zéphyrin. Injinia Patrick Safari amekufa Ulaya, hana mtoto. Benki imetafuta akina Safari dunia nzima, ikanipata mimi. Wanasema nimlipe wakili wao leo leo, na nisimwambie mtu.

— Na umeambia benchi yote! alicheka Hamim, mlinzi mstaafu waliyemwita Afande. Ssebo, bwana wangu, huyo hakuwa injinia. Alikuwa jasusi, mali yake ni dhahabu.

— Jasusi wapi! alidakia Okinyi, Mkenya muuza simu waliyembandika jina la Wakili kwa ubishi wake. Huyo hajafa. Amejificha, anapima nani kwenye ukoo ana moyo wa kutoa.

Bibiane aliweka kikombe chini.

— Zéphyrin, kwa nini uliitwa Safari?

— Mama alinizaa njiani, tukikimbia vita.

— Na mimi, jina langu?

— Mapendo.

— Na baba?

— Cirhuza.

— Kwetu kila mtoto hupewa jina lake, si la ukoo. Huyo amekuwaje ndugu yako kwa jina ambalo hata mimi, wa tumbo moja nawe, sina?

— Labda naye alizaliwa njiani, alinong'ona Afande.

— Basi Kampala hii ana warithi wengi! alisema Bibiane. Na urithi gani huu unaofichwa wenye ukoo? Waulize jina la baba yake.

Zéphyrin aliandika. Jibu lilikuja kahawa ikiwa bado moto. Akalisoma kwa sauti:

— "Baba yake ni mzee Safari, babu yako mpendwa. Tuma ada haraka."

Katika ukoo wao hapakuwa na babu wa jina hilo. Zéphyrin alizima simu, akainamia cherehani, akaanza kufungua kamba.

Pikipiki ilisimama. Mnunuzi akashuka, mikono tayari kubeba.

— Haiuzwi, alisema Zéphyrin bila kuinua macho.

Mnunuzi aliwatazama mmoja mmoja, akaona nyuso nzito, akavua kofia.

— Banange, jamani, poleni. Nani amekufa?

Bibiane akasogea, akampa nafasi ya kukaa asikie kisa.